Ua Linalojipanda Halitaki Ufagio wa Kila Asubuhi

Jumamosi asubuhi Buruburu huamshwa na fagio. Njiti zinakwaruza zege la mlangoni, zinahamia kwenye udongo wa kando ya ukuta, zinapita chini ya maua na kumalizia langoni. Kila kilichodondoka tangu jana kinazolewa pamoja: majani makavu, vizibo vya soda, karatasi za peremende, na mbegu. Hizo mbegu hakuna anayeziona. Ni vijipunje vyeusi visivyofika milimita tatu, na vikishaingia kwenye pipa la taka safari yao inaishia jaa la Dandora. Mvua za Oktoba zikikaribia, mwenye nyumba huyo huyo anakwenda kwa wauza miche kando ya barabara ya Outer Ring, ananunua vinka nyingine, na kurudi akilalamika kwamba maua ya siku hizi hayadumu.

Msimamo wa safu hii ni kwamba anayeanza bustani Eastlands, mashariki mwa Nairobi, aanze na maua ya kudumu yanayojipanda yenyewe, na ajue mapema kuwa kazi yake kubwa haitakuwa kumwagilia wala kutia mbolea. Itakuwa kujua wapi asiguse na lini asiguse. Ukame una lawama zake, na udongo mweusi wa upande huu wa jiji una zake, lakini kinachoua bustani nyingi za Donholm, Umoja na Kayole ni usafi uliopitiliza. Hilo litawaudhi wengi. Uwanja uliofagiwa ni heshima ya nyumba, na mama aliyekuzwa hivyo hawezi kuambiwa ghafla kwamba takataka zilizo chini ya ua zina faida. Hakuna anayemwambia aache kufagia. Anaombwa tu aache kipande kimoja cha ardhi, upana wa hatua moja, kisiguswe na njiti.

Namna mimea hii inavyoishi ndiyo inayoleta ombi hilo. Ua la msimu huota, huchanua, huzaa mbegu na kufa. Ua la kudumu hubaki na shina au mzizi unaochipua tena. Yapo yanayofanya yote mawili: yanaishi miaka kadhaa na wakati huo huo yanamwaga mbegu zinazoota bila kupandwa na mtu. Haya ndiyo yanayomfaa mgeni wa bustani, kwa kuwa kosa lake moja halimalizi kila kitu. Mmea mama ukioza kwa maji mengi, watoto wako ardhini. Miche ikidonolewa na kuku wa jirani, mama bado amesimama. Waridi halitoi nafasi ya namna hiyo. Likikosewa Januari, mwenye nalo ananunua jingine.

Neno “kudumu” lenyewe huwadanganya watu. Vinka haiishi milele. Baada ya miaka miwili au mitatu shina lake linakuwa gumu kama kuni, majani ya chini yanadondoka, na maua yanabaki juu kabisa kwenye ncha. Mtu asiyejua huona mmea wake umezeeka na kufikiri ameshindwa. Aliyeacha mbegu zianguke ana vinka changa pembeni, na anachofanya ni kung'oa ile kuukuu. Kinachodumu ni ukoo wa ule mmea mahali pale.

Kosa jingine huanzia kwenye pakiti ya mbegu. Maelezo mengi yameandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, ambako sakitu huua mimea ya nchi za joto kila mwaka. Huko impatiensi, vinka na portulaka huitwa maua ya mwaka mmoja kwa sababu baridi huyamaliza, ingawa si yote ambayo kwa maumbile hufa baada ya mwaka. Eastlands haina sakitu. Uwanja wa ndege wa JKIA, ulio upande huo huo wa jiji, uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na hata usiku wa Julai, wakati kila mtu mtaani amejifunika blanketi la pili, kipimajoto hakikaribii sifuri. Impatiensi na vinka zilizoandikwa kuwa ni za mwaka mmoja zinaweza kuishi miaka kadhaa Komarock. Vilevile shauri la kupanda “baada ya majira ya baridi” halina maana hapa. Kalenda ya bustani ya Nairobi ni masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Disemba, na katikati yake kuna ule ubaridi wenye mawingu wa Juni hadi Agosti.

Impatiensi ni mfano mzuri wa jinsi mambo yalivyopinduka. Ua hili linalouzwa duniani kote kwa ajili ya vivuli lina asili yake Afrika Mashariki, kuanzia Kenya kushuka hadi Msumbiji. John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alipeleka mbegu zake katika bustani ya Kew, London, na mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Joseph Hooker akaliandika kwa jina la kumheshimu Sultani wa Zanzibar, ambaye wakati huo alikuwa Sayyid Barghash. Baadaye lilizalishwa kwa rangi nyingi, kisha likarudi Nairobi ndani ya pakiti yenye maelezo ya watu wa sakitu. Leo mkazi wa Tassia anasoma kwenye karatasi ya kigeni jinsi ya kutunza ua la nyumbani kwao.

Tunda la impatiensi ni la kushangaza ukilitazama kwa karibu. Ni kifuko kinene cha kijani chenye mistari mitano. Kikiiva, kuguswa kidogo kunatosha: ngozi inapasuka, vipande vinajikunja kwa ghafla, na mbegu zinarushwa mbali na mama. Watoto wakigundua mchezo huo hawaachi, na kwa kweli wanasaidia kupanda. Mbegu hizo zinataka mwanga ili ziote, kwa hiyo kuzifukia ni kuziua. Zinaangukia juu ya udongo wenye unyevu na kivuli, mara nyingi karibu na bomba la uani au nyuma ya tangi la maji, na siku chache za mvua zinatosha. Kwa ploti za ghorofa ambako ukuta wa jirani umekula jua, hili ndilo ua la kwanza kujaribiwa. Lakini kivuli si giza. Kwenye zile ghorofa za chini kabisa za mtaa wa Pipeline, ambako taa huwashwa mchana, hakuna ua litakalokubali, na muuzaji anayesema vinginevyo anatafuta pesa.

Vinka inataka kinyume chake: jua, joto na mizizi isiyolowa. Asili yake ni Madagaska. Ina historia kubwa hospitalini, maana dawa za saratani za vinblastini na vinkristini zilitokana nayo. Watafiti wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, waliitenga ile ya kwanza mwaka 1958. Hiyo si ruhusa ya kuchemsha majani yake nyumbani. Kemikali hizo ni sumu, na hospitali huzipima kwa uangalifu mkubwa. Kwa mkulima wa maua, kilicho muhimu zaidi ni ganda lake. Vinka huzaa vikonyo viwili vyembamba vilivyosimama pamoja pale ua lilipodondoka. Vikiwa kijani kibichi, mbegu hazijaiva. Vikigeuka manjano iliyochakaa, zimebaki siku chache kabla ganda halijapasuka upande mmoja na kumwaga mbegu nyeusi chini. Sisimizi huzibeba, na ndiyo maana vinka hujitokeza imejipanga kwenye ufa wa zege, mstari mmoja, mahali ambapo hakuna mtu angefikiria kupanda. Mbegu hizi, tofauti na za impatiensi, huota vizuri zaidi zikifunikwa kidogo na udongo, na ufa unazipa giza hilo.

La tatu ni mirabilisi, lile ua linalofunguka saa kumi jioni na kunukia hadi usiku. Liko Kaloleni, liko Jericho, liko kando ya nyumba za zamani za Bahati, na wengi hawajui lilipandwa na nani. Mbegu yake ni nyeusi, ya mviringo, yenye makunyanzi, unaweza kuidhani pilipili manga. Chini ya ardhi lina mzizi mnene uliojaa akiba, na ndiyo sababu likikatwa hadi chini Februari huchipua mvua ikinyesha. Shina moja linaweza kuchanua rangi mbili au tatu kwa wakati mmoja, jambo ambalo huwafanya watu waape kwamba limechanganywa. Mjerumani Carl Correns aliitumia mimea hii mwaka 1909 kuonyesha kwamba baadhi ya sifa za majani hurithiwa kwa mama peke yake. Kwa mtu wa Eastlands asiye na muda, hili ndilo rahisi kuliko yote. Tatizo lake ni wingi: mwaka wa pili linataka kumiliki ukuta mzima.

Pentasi na thunbagia zastahili kutajwa pia, zote mbili za kwetu. Pentasi huvuta vipepeo. Thunbagia, yenye maua ya rangi ya machungwa na jicho jeusi katikati, hupanda kwenye seng'enge na kuificha. Kuna pia ile daisi ndogo nyeupe ya Mexico inayogeuka rangi ya waridi ikizeeka na kujaza nyufa za ngazi. Kwa anayependa ndege, leonotisi huleta chozi mpaka dirishani.

Sasa udongo. Mitaa mingi ya mashariki mwa Nairobi iko juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mafundi wa ujenzi huuita black cotton na kuuondoa kwa gharama kubwa kabla ya kumwaga msingi. Ukilowa unavimba na kunata kwenye viatu; ukikauka unapasuka nyufa za kuingia kiganja. Watu wanadhani hauna rutuba. Si kweli. Una madini mengi na unashika virutubisho kuliko udongo mwingi wa kichanga. Kinachokosekana ni hewa. Maji yakisimama ndani yake, mizizi inakosa pumzi na kuvu wa kuozesha anaingia. Masika ya 2024, yale yaliyoleta mafuriko Mathare na Mukuru, yalikuwa ya aina hiyo hasa: mizizi ya vinka iliyolala ndani ya mfinyanzi uliojaa maji kwa wiki nzima haina namna ya kupona.

Dawa ya wengi ni kununua lori la udongo mwekundu kutoka upande wa magharibi. Ni gharama isiyo na lazima, na kuna hasara iliyofichika: udongo mwekundu ukitandazwa juu ya mweusi bila kuchanganywa, maji hupita haraka juu na kusimama pale tabaka mbili zinapokutana. Bora kuinua kitanda. Vipande vya mawe ya Ndarugo vilivyobaki kwenye ujenzi, vikipangwa kwa urefu wa sentimita ishirini, vinatosha kuwa ukingo. Ndani yake uchanganywe huo huo udongo mweusi, mchanga wa mto na samadi iliyoiva vizuri. Samadi mbichi isitumike. Juu kabisa zitandazwe kokoto ndogo, tabaka moja tu. Kokoto hizo hazipo kwa urembo. Mbegu zinaingia katikati yake na kukaa. Njiti za fagio haziwezi kuzitoa. Matone makubwa ya mvua hayagandishi uso wa udongo kuwa ukoko mgumu. Na unyevu unabaki chini yake hata siku maji ya bomba yanapokatika. Anayeweka matandazo mazito ya majani makavu au vumbi la mbao anafanya kinyume: anahifadhi maji, ndiyo, lakini anazuia mbegu kufika ardhini.

Kuhusu maji, wakazi wa Eastlands hawahitaji mhadhara. Mgao wanaujua kwa siku na saa, na mtungi wa mkokoteni wanaujua kwa bei. Ni vigumu kumshauri mtu amwage maji ya kununua kwenye maua, na safu hii haimshauri. Mimea hii iliyotajwa, isipokuwa impatiensi, ikishashika mizizi inahitaji kumwagiliwa mara moja au mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, kwa wingi, mpaka maji yazame. Kile kikombe cha kila jioni ndicho kibaya. Kinalowesha sentimita mbili za juu, mizizi inajikusanya hapo, na jua la Februari linapowaka linaikuta haina pa kukimbilia. Maji ya kusuuzia vyombo au mboga yanafaa. Maji ya kwanza ya kufulia, yenye povu zito, yasitumike mara kwa mara: sabuni nyingi za unga zina sodiamu, na sodiamu ikirundikana kwenye mfinyanzi inavunja chembe zake, udongo unakuwa mgumu zaidi kuliko ulivyokuwa.

Majira ya baridi ndiyo mtihani wa wanaoanza. Julai inafika, mawingu hayafunguki, na majani ya vinka yanageuka manjano. Mwenye bustani anaongeza maji. Hayasaidii, anaongeza mbolea ya chumvichumvi. Mwezi unaofuata mmea umekufa, na hitimisho ni kwamba “mkono wangu haupandi”. Ukweli ni kwamba vinka inapenda joto. Ikiona baridi inapunguza kazi, mizizi yake haivuti maji mengi, na kila kikombe kinachoongezwa kinakaa pale pale kikiozesha. Dawa yake ni kuiacha. Septemba, jua likirudi, itatoa majani mapya, na kama haikutoa, miche iliyo chini yake itatoa.

Mbolea nayo ina simulizi yake. Mirabilisi na thunbagia zikilishwa samadi nyingi hunenepa majani na kusahau maua. Konzi moja au mbili za samadi iliyoiva kabla ya kila msimu wa mvua zinatosha kwa kitanda cha mita moja. Nitrojeni ikizidi, mmea hauna sababu ya kuharakisha uzazi.

Kuna shauri jingine linalosambazwa sana, la kukata kila ua lililonyauka ili mmea uchanue zaidi. Ni kweli kwamba unachanua zaidi. Ni kweli pia kwamba hautazaa mbegu hata moja, kwa hiyo anayelifuata neno kwa neno anaukata ukoo wa maua yake kwa mkasi. Njia ya kati ipo: kata maua yaliyonyauka mwanzoni mwa msimu, kisha kuanzia wiki za mwisho za mvua weka mkasi kabatini na uache maganda yaive. Miche mipya itakayotokea huenda isifanane na mama. Aliyenunua aina chotara yenye ua la rangi mbili atashangaa watoto wakirudi kwenye rangi ya waridi ya kawaida. Hakuna aliyemwibia, mbegu za chotara hazirithishi sifa zote kwa pamoja. Akizipenda rangi za watoto, abaki nazo.

Maua huleta mbu, wanasema wapangaji, na msimamizi wa ploti anapiga marufuku. Mbu hazaliani kwenye ua. Anazaliana kwenye maji yaliyosimama, yaani kile kisahani kilicho chini ya chungu, pipa lisilofunikwa, tairi kuukuu na mkebe uliotupwa nyuma ya choo. Kitanda cha ardhini chenye kokoto hakina kisahani. Kuhusu nyoka, mimea yenye urefu wa magoti iliyopandwa kwa nafasi haimfichi nyoka kuliko rundo la mbao na mabati kuukuu lililoegemezwa ukutani kwa miaka, ambalo hakuna anayelilalamikia.

Hofu moja, hata hivyo, ni ya haki, na wapenda maua huikwepa. Kujipanda ni sifa inayoweza kugeuka maafa. Gugumaji, linaloziba Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na lililofunika bwawa la Nairobi Dam, lilisambaa duniani kwa sababu watu walipenda ua lake la zambarau. Lantana ilipandwa kama ua la kupendeza. Leo imeteka malisho mengi ya Kenya, na ng'ombe wakiila wanaugua. Mpungate ulioletwa kwa ajili ya ua na urembo umeiletea Laikipia taabu ambayo haijaisha. Hata thunbagia yetu, mtoto mwema hapa, imekuwa gugu sumbufu Australia na Brazili. Kwa hiyo kanuni ya safu hii ni kali: lantana isipandwe, na daisi ya Mexico isipandwe karibu na mto. Nyumba za Kariobangi na Korogocho ziko hatua chache kutoka Mto Nairobi, na mbegu ikiingia majini haina mipaka. Huko Korogocho, vijana wa Komb Green wamegeuza ukingo uliokuwa jaa kuwa bustani ya umma kwa mikono yao. Si haki kuwapelekea gugu jipya. Upande wa mto, pentasi na leonotisi za kwetu zinatosha.

Sumu nayo itajwe bila kuficha. Mbegu na mzizi wa mirabilisi, na vinka yote kuanzia mzizi hadi ua, havifai kuingia kinywani. Korti za Buruburu, zilizojengwa kuanzia mwaka 1973 ili nyumba zitazamane na watoto wacheze mbele ya macho ya wazazi, bado zina watoto wanaocheza humo, na mbegu nyeusi ya mviringo humvutia mtoto wa miaka miwili. Nyumba yenye mtoto anayetambaa ipande pentasi kwanza na kusubiri.

Ujuzi unaobaki, na ndio mgumu kuliko mingine, ni kuutambua mche ukiwa na majani mawili. Hapo ndipo jembe hufanya uharibifu wake. Kijana aliyelipwa kupalilia anaona kijani kisicho kwenye mstari na anakifyeka. Hana kosa, hakuna aliyemwonyesha. Mche wa mirabilisi hutoka na majani mawili mapana, makubwa kuliko ya gugu lolote la hapo. Wa vinka ni mdogo, lakini majani yake halisi yanapotokea yanang'aa na yana mstari mweupe katikati. Wa impatiensi una shina laini lililojaa maji. Kichoma mguu, yale magugu ambayo mbegu zake hunasa kwenye soksi, huanza na majani mawili marefu membamba. Kwa anayeanza, njia ya uhakika ni mkebe wa shahidi: chukua mkebe mtupu wa siagi, utoboe chini, utie udongo, upande mbegu chache za kila ua siku ile ile ambayo mvua inaanza, na uandike jina ubavuni. Kinachoota kwenye kitanda kilinganishwe na kilicho mkebeni kabla mtu hajashika jembe. Wiki tatu za uvumilivu huo zinatosha kwa aina nyingi.

Miche ikitambulika, ipunguzwe. Watu wanaopenda maua huona huruma hapa, na huruma hiyo hulipwa kwa mimea myembamba iliyojikunja ikigombea jua. Vinka zipewe nafasi ya kiganja na nusu, mirabilisi ipewe hatua nzima. Inayong'olewa mchana wa mawingu, na donge la udongo kwenye mizizi, inaweza kuhamishwa au kupewa jirani. Dandora walishaonyesha kwamba hili linawezekana kwa pamoja. Vijana wa Dandora Transformation League walianza kwa kusafisha korti moja moja na kupanda humo, na wakazi wenyewe wakachukua jukumu la kutunza. Miche ya bure ingelifaa jambo kama hilo kuliko ya kununua.

Liko pia suala la upangaji, na hapa mimea hii ina faida ambayo haizungumzwi. Wakazi wengi wa Eastlands hawamiliki ardhi wanayoishi. Bustani za mbele za Buruburu zimekuwa maduka, saluni na vyumba vya kukodisha. Mtaa wa zamani wa Pangani ulibomolewa na maghorofa yakasimama, na mitaa mingine ya kaunti iliyojengwa enzi za ukoloni iko kwenye mipango ya namna hiyo hiyo. Mtu anayeweka akiba yake kwenye waridi na nyasi za kupanda anaiacha kwa mpangaji anayefuata, au kwa tingatinga. Mwenye maua yanayojipanda anaondoka na bahasha ya mbegu. Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 ukiwa na viwanja vya kijani kati ya nyumba, una mirabilisi ambazo hakuna hati ya umiliki inayozitaja, na mbegu zake zinaweza kuota Mihang'o au Njiru zikipelekwa huko.

Mbegu za dukani zipo, na Simlaw pale Kijabe Street wana za maua pamoja na za mboga. Lakini kwa aina zilizotajwa hapa, kununua kuwe hatua ya mwisho. Mbegu za masika ziombwe Februari, za vuli ziombwe Septemba, kwa jirani yeyote mwenye ua lililokwisha kuzoea udongo wa mtaa huo. Maganda yachukuliwe yakianza kuwa manjano, yakaushwe kivulini siku mbili tatu, yawekwe kwenye bahasha ya karatasi yenye jina na mwezi. Na kabla ya kupanda chochote, anayefagia nyumba hiyo aonyeshwe kipande atakachokiacha, kwa mkono, na mpaka wa mawe uwekwe siku hiyo hiyo.